Ekzosi ya RX-8 kwa barabara za Dodoma: masega, bomba wazi, au sailensa tu?

Mdogo wangu wa kazini, anayetoka Kisasa kila asubuhi kwenda Mji wa Serikali Mtumba, amenunua Mazda RX-8 ya mwaka 2004. Ni nyekundu, gia sita za mkono, na sauti yake bado ni ya kiwandani. Haikupita wiki akanitumia picha mbili kwenye simu: moja ya sailensa ya HKS iliyotumika Japani, nyingine ya sailensa mpya iliyochomelewa na fundi wa hapa mjini. "Kaka, nichukue ipi?" Nikamuuliza masega yake, yaani kile kisafisha moshi (katalisti) chenye vijitundu kinachokaa katikati ya ekzosi, yana hali gani. Akasema hajawahi kuyaangalia, yeye anaulizia sauti.

Wengi tunaanzia huko huko alikoanzia yeye, kwenye mkia. Moshi wa RX-8 unatoka kwenye injini, unapita manifoldi (mabomba ya kwanza yaliyofungwa kwenye injini), unaingia kwenye masega, ndipo ufike sailensa. Masega yakiwa yameziba, sailensa ya milioni na sailensa ya laki zitakupa kitu kimoja: gari zito kupanda mlima na injini inayojipika yenyewe. Kwa hiyo nitalinganisha kwa kufuata njia ya moshi, na kipimo changu kikubwa kitakuwa joto. Nguvu za farasi nitazigusa, lakini msitarajie nyingi.

Kwa nini joto

Injini ya RX-8 ni rotari, yaani ina rota za pembetatu zinazozunguka badala ya pistoni, na haina vali. Rota ikizunguka hufunua tundu la moshi, na gesi hutoka ikiwa bado inawaka. Injini ikibebeshwa mzigo, moshi wake huweza kuvuka nyuzi joto 900. Injini ya RX-8, inayoitwa Renesis, ina ujazo wa cc 1,308 tu kwa rota mbili, lakini kila rota huwaka mara moja kwa kila mzunguko wa shafti. Bomba linapokea mapigo mawili kwa mzunguko, sawa na injini ya pistoni nne, na hii ya gia sita inafika mizunguko 9,000 kwa dakika. Tena injini hii hula oili kwa makusudi, kuna pampu ndogo inayoidondoshea oili ili kulainisha sili za rota. Mchanganyiko wake wa petroli nao huwa mzito. Ukijumlisha, kinachoingia kwenye ekzosi ni moto pamoja na petroli isiyoungua pamoja na mabaki ya oili, na vyote vitatu vinakwenda kumalizia hasira zao kwenye masega.

Koili au plagi zikichoka, mambo yanaharibika kabisa. Petroli inapita bila kuwaka, inawakia ndani ya masega, vijitundu vinayeyuka na kuziba. Moshi ukikosa njia, joto linarudi kwenye injini na sili za pembeni ndizo zinazolipa. Watu wengi walioshusha injini ya RX-8 walianza na koili mbovu ambayo hawakuibadilisha.

Mimi nililijua hili usiku, Kibaigwa. Nilikuwa natoka Morogoro, gari limekuwa zito tangu nilipopita Gairo, nikasimama karibu na soko la mahindi nipate chai. Kuli mmoja akainama, akatazama chini ya gari, akasema, "Bosi, umebeba jiko?" Nilipoinama nami nikaona masega yamekuwa mekundu kama makaa. Nilikuwa nimepanga kununua sailensa mwezi ule.

Pima kabla ya kununua

Fundi afungue sensa ya mbele ya oksijeni, aingize geji ya shinikizo kwenye tundu lake, kisha akanyage mpaka mizunguko 2,500. Geji ikivuka psi 3 (psi ni kipimo cha shinikizo), njia imeziba. Kama hana geji, agonge gamba la masega kwa nyundo ya mpira injini ikiwa baridi. Ukisikia mchakacho kama wa karanga kwenye debe, masega yamevunjika ndani. Ila kimya si ushahidi kwamba yako salama, kwa sababu yaliyoyeyuka hayachakachi. Geji ndiyo inayosema kweli.

Katikati: hapa ndipo pa kuumiza kichwa

Ukikuta masega yamekufa una njia nne, na hazilingani hata kidogo.

Masega mapya ya Mazda ndiyo yanayokaa kimya kuliko yote, hayawashi taa ya injini, hayanuki, yanaingia bila kukata kitu. Bei yake ndiyo kikwazo, kwani Marekani yanauzwa zaidi ya dola 1,000, na ukiongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18 unaanza kuhesabu mara mbili. Na ukiyafunga bila kutibu koili, umenunua jiko jipya.

Masega ya spoti, yenye vijitundu 200 kwa inchi ya mraba badala ya 400 au zaidi, yanapitisha moshi kwa urahisi. Hapa uliza swali moja tu la maana: ndani ni kauri au ni karatasi za chuma? Ya chuma huvumilia kupanda na kushuka kwa joto vizuri zaidi, na kwa rotari mimi nisingechukua ya kauri hata kwa punguzo. Harufu inabaki kidogo, sauti inapanda kidogo. Taa ya injini inaweza kuwaka kwa namba ya hitilafu P0420, kwa sababu kompyuta huona masega hayasafishi kama ilivyozoea. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia ya katikati inayomfaa mtu anayeendesha kila siku, ingawa nayo ina maisha mafupi kuliko ya kiwandani.

Bomba wazi, yaani bomba tupu linalowekwa mahali pa masega, lina mashabiki wake, nami niliishi nalo mwaka mzima, kwa hiyo nitalisema kwa haki. Faida ni ya kweli: hakuna kitu cha kuziba, joto chini ya sakafu linapungua, injini inapumua, na kati ya vipande vyote vya ekzosi ya RX-8 hiki ndicho ambacho mguu wako unaweza kuhisi tofauti yake. Gharama yake ni kwamba gari linanuka petroli. Kwenye foleni ya asubuhi, vioo vikiwa wazi, shati linafika ofisini likinuka kama umelala kituo cha mafuta. Ukiachia mafuta ghafla linapiga mlipuko nyuma. Moshi ule una kaboni monoksaidi na petroli isiyoungua ambayo sasa hakuna anayeisafisha, na wa kuivuta ni dereva wa bodaboda aliye nyuma yako. Joto ambalo zamani liliishia kwenye masega sasa linasafiri mpaka sailensa ya nyuma. Na kelele! Bomba wazi lisilo na rezoneta (kisailensa kidogo cha kupunguza mvumo) katikati haliendesheki mjini. Kanuni za udhibiti wa kelele za mwaka 2015, zilizo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zipo. Lakini hata kabla ya kanuni kuna jirani mwenye mtoto mchanga. Ukilichukua, chukua lenye rezoneta na lenye tundu la sensa ya nyuma, kwa sababu kwenye RX-8 sensa hiyo inakaa kwenye masega yenyewe, na bomba lisilo na tundu litakuacha na sensa inayoning'inia.

Njia ya nne ni kutoboa masega: gamba linabaki, vya ndani vinatolewa kwa nondo. Ni rahisi kuliko zote, na wakati mwingine unalipwa wewe, maana kilichomo ndani kina platinamu, paladiamu na rodiamu na wanunuzi wake wanajulikana kila gereji. Siipendi. Gamba tupu ni pango. Moshi ukifika pale unatanuka, unazungukazunguka, unapoa, halafu unabanwa tena kwenye bomba jembamba. Unapata mvumo wa debe ndani ya gari kwenye spidi ya safari, na vipande vilivyosahaulika vinasafiri kwenda kuziba sailensa. Unakuwa na hasara zote za bomba wazi bila faida yake. Kama pesa haipo, heri usubiri huku unaendesha kidogo.

Manifoldi: iache

Hapa nitakuwa mfupi. Renesis ina njia tatu za moshi kwa rota mbili. Mbili za pembeni kila moja ina rota yake, ya katikati inatumiwa na rota zote mbili. Hata ukinunua manifoldi ya mabomba marefu yaliyokunjwa kwa ustadi, ile ya katikati bado ni ya kushirikiana, na faida inabaki ndogo. Zaidi ya hapo, boliti zake zimepikwa miaka ishirini, zikikatika ndani ya injini umejitafutia kazi ya siku tatu. Tena manifoldi nyingi za Marekani hupimwa kwenye magari ya usukani wa kushoto, yetu ni ya kulia. Badilisha manifoldi ikipasuka, vinginevyo weka gasketi mpya ya chuma na ufunge boneti.

Jambo moja tu: usikubali bati la kuzuia joto litupwe. Mafundi wetu wanalichukia kwa sababu linapiga kelele likilegea, nao hulitoa na kulisahau. Kwenye rotari bati lile ndilo linalookoa nyaya na miguu yako.

Sailensa: ya Japani iliyotumika au ya kuchomelewa hapa?

Sasa turudi kwenye picha mbili za mdogo wangu.

Sailensa ya Japani iliyotumika ina sifa ya kuundwa kwa ajili ya gari lile lile. Vishikizo vinakaa mahali pake, bomba linafuata mkunjo wa ekseli ya nyuma, na halishuki chini kuliko inavyotakiwa. Tafuta kibati cha JASMA, chama cha watengenezaji wa sailensa za spoti Japani. Kikiwepo ujue ilitengenezwa kuzingatia viwango vya kelele vya kule. Tatizo ni umri. Sailensa nyingi za spoti ni za kupitisha moja kwa moja, bomba lenye matundu lililozungukwa na pamba ya kioo au ya chuma. Joto la rotari linaila ile pamba. Sailensa iliyokaa nyuma ya bomba wazi miaka mitano huwa imebaki ganda, na muuzaji hakwambii. Ipige kofi: ikilia "bom" zito kuna kitu ndani, ikilia kama kopo, achana nayo. Chungulia pia ncha ya bomba. Masizi meusi ni kawaida ya rotari, yasikutishe, lakini nyuzi za pamba zinazochomoza zimeshakupa jibu.

Ya kuchomelewa hapa ina faida ambayo watu wa magari ya kifahari huidharau: fundi yupo. Ikipasuka Jumanne, Jumatano imerudi barabarani. Unachagua mwenyewe inchi, urefu, kama ina rezoneta au haina. Bei yake kwa kawaida ni sehemu ndogo ya kuagiza. Lakini ubora wote unakaa mikononi mwa mtu mmoja na aina ya chuma alichokuwa nacho siku hiyo. Mimi nilichomelewa bomba zuri kwa macho, likapasuka kwenye flanji (kiungio cha boliti) baada ya miezi minne, kwa sababu hakukuwa na kile kiungo cha kunyumbuka ambacho mafundi wanakiita flekisibo, na injini ilipotingishika bomba halikuwa na pa kujinyoosha. Kosa lilikuwa letu wawili. Yeye hakukiweka na mimi sikukiuliza.

Upande wa nguvu, tofauti kati ya hizi mbili haina maana. Renesis isiyo na turbo haipati kitu cha kujivunia kwa sailensa peke yake. Unanunua sauti, uzito na muda wa kudumu. Na hapa Dodoma tuko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko Dar es Salaam. Farasi ambao Mazda iliwatangaza mwaka 2003 kwa hii ya gia sita, 250, hapa hawakuwahi kufika wote hata gari likiwa jipya. Hakuna sailensa inayowarudisha.

Inchi ngapi?

Mabishano ya vijiweni ni mbili na nusu dhidi ya tatu. Bomba la inchi 3 lina eneo kubwa kwa asilimia 44 kuliko la 2.5. Kwa RX-7 yenye turbo, rotari ya Mazda iliyotangulia RX-8, inchi 3 ina mantiki. Kwa RX-8 isiyo na turbo, 2.5 inatosha, na kuna sababu moja ambayo haisemwi: matuta. Chini ya RX-8 pana takriban sentimita 12 tu. Bomba la inchi 3 linakula zaidi ya sentimita moja ya ziada, na kwenye mitaa ya Ilazo au Nkuhungu, ambako tuta limejengwa na wananchi wenyewe kwa udongo na mawe, sentimita moja ndiyo tofauti kati ya kupita na kuacha rezoneta pale pale. Ukitaka sana inchi 3, fundi alibonyeze bomba liwe bapa kidogo linapopita sehemu ya chini kabisa.

Chuma gani?

Chuma cha kawaida, kile cheusi, kinapatikana kila mahali na kinachomelewa na yeyote mwenye vijiti. Pwani kingeoza haraka. Kwetu huku kwenye ukame, mvua ikianza Desemba na kukatika Aprili, kinadumu kuliko watu wanavyodhani. Kinachokiua ni joto la sehemu ya mbele, hivyo kitumie nyuma ya katikati ya gari, si karibu na injini.

Chuma cha pua namba 304 ndicho kinachong'aa, hakishiki kutu kirahisi na kinabaki imara kwenye joto. Kasoro yake ni kutanuka. Bomba la mita moja likipanda joto nyuzi 500, la 304 hurefuka karibu milimita 9, la chuma cha kawaida karibu milimita 6 na nusu. Kwa hiyo 304 bila flekisibo hupasuka kwenye kiungio, tena mapema, na linahitaji kuchomelewa kwa gesi ya agoni na mtu aliyezoea. Namba 409 hutanuka kidogo na ni ya bei ya chini, ila hubadilika rangi na kushika kutu ya juu juu.

Ukienda dukani beba sumaku. Kwa kawaida haishiki 304. Inashika 409, na inashika chuma cheusi vilevile, kwa hiyo sumaku itakukamatia muuzaji anayekuuzia cheusi kwa jina la 304, lakini haitakusaidia kutofautisha 409 na cheusi. Titani nitaitaja kwa sababu mdogo wangu ataiuliza: uzito wake ni zaidi kidogo ya nusu ya chuma, sauti yake kali, na likipasuka hapa mjini ujue unatafuta mchomeleaji safari nzima.

Vidogo vinavyosahaulika

RX-8 ina pampu ya hewa inayopuliza kwenye moshi injini ikiwa baridi, kusaidia masega yapate joto mapema. Ukitoa masega pampu ile haina kazi, ila ukiing'oa taa ya injini inawaka. Iache. Raba za kuning'inizia badilisha zote kwa pamoja, zilizozeeka zinaliacha bomba ligonge ekseli.

Na kuanzia Juni mpaka mvua zinaporudi, usiegeshe gari hili kwenye nyasi kavu, liwe na masega au bomba wazi. Nimeona mtu amesimama pembeni ya barabara ya Singida kujisaidia, akarudi mbio.

Kama lako ni RX-7

Hesabu inabadilika. FD, yaani RX-7 ya kizazi cha mwisho, ina turbo mbili, na matundu yake ya moshi yako kwenye ukingo wa nyumba ya rota, si ubavuni kama Renesis, hivyo moshi unatoka kwa ghafla na kelele zaidi. Masega ya awali yaliyo karibu na turbo ni kitu cha kwanza ambacho wengi hukitoa, na joto la boneti linashuka kweli. Lakini ukifungua ekzosi yote kwa mara moja, shinikizo la turbo linapanda lenyewe juu ya psi 10 za kiwandani kwa sababu geti la kupunguza moshi ni dogo. Mafuta hayaongezeki sawasawa, injini inagonga, sili za ncha za rota zinavunjika. Kwa hiyo FD usiiguse bila geji ya turbo na mtu wa kuipangia kompyuta. Na mtu huyo, kwa sasa, kumpata Dodoma ni kazi. RX-8 inakusamehe makosa ya ekzosi. FD haina huruma hiyo.

Huyu wetu

Nilimpeleka mdogo wangu kwa fundi mwenye geji. Psi 4 na ushee. Koili mbili kati ya nne zimekufa nusu, plagi nyeusi tii. Nikampangia hivi: koili nne na plagi nne kwanza, kisha masega ya spoti ya karatasi za chuma yenye flanji inayolingana na ya kwake, flekisibo mpya, bomba la 2.5. Sailensa ya kiwandani ibaki, haina kosa. Akaniangalia kama niliyemnyang'anya kitu.

Koili zimefika juzi kwa basi kutoka Dar. Ile sailensa ya HKS, nasikia, imekwenda kwa mtu wa Mwanza.